Kesi ya Mazengo na Mtani Wake

Mume wangu alimshitaki mtani wake mahakamani, akashinda. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadai nimemzungusha. Watu wa mbali wakisikia huuliza alilipwa kiasi gani. Wagogo wenzetu hawaulizi kitu, wanainamisha vichwa na kubadilisha mazungumzo.

Jina lake ni Yotham Mazengo. Mwenye miaka arobaini na kuendelea hahitaji kuelezwa. Ndiye yule mkimbiaji aliyezungushwa mji mzima wa Dodoma juu ya gari la wazi, medali mbili shingoni, watoto wa shule wamepangwa barabarani tangu asubuhi na jua lote lile. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nilisimama juu ya tofali ili nimwone. Mwaka uliofuata akanioa. Alipostaafu mbio tulirudi kwao Chamwino, akapanda zabibu, akafungua kambi ya wasichana wakimbiaji nyuma ya nyumba. Uwanja wa shule ya jirani ukapewa jina lake, likaandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa ndani ya basi linalopita.

Ruthu alitoka Bahi, kwa wakulima wa mpunga. Alifika kambini akiwa na miaka kumi na saba, mpole, mwenye njaa isiyoisha. Katika wasichana wote waliopita mikononi mwetu ndiye aliyekuwa na mbio za kweli. Alishinda mashindano ya taifa mara mbili. Kisha akaanza kulalamika kichwa, akaacha kukimbia, akarudi kwao. Akiwa na miaka ishirini na mbili alianguka akipepeta mchele, hakuamka tena. Hospitalini waliandika kiharusi.

Mimi ni muuguzi. Najua kiharusi cha umri ule hakiji hivihivi. Sindano nilimchoma mimi, kwa mkono huu huu, kila Jumatatu na kila Alhamisi kwa miaka miwili. Vichupa vililetwa na wakala mmoja aliyekuwa akija na gari jeupe, tukavihifadhi kwenye friji yetu, pembeni ya maziwa. Mume wangu, Baba Geofrey, aliniambia ni vitamini. Boksi la kwanza niliamini. Boksi la pili nilikuta lebo zote zimebanduliwa, nikamuuliza. Akasema, “Mama Geofrey, wewe choma.” Nikachoma.

Hayo tulikuwa tunayajua watu wawili tu.

Tulikwenda Bahi kumzika mwezi wa tatu, maji yamejaa kwenye majaruba ya mpunga, waombolezaji kama mia mbili. Mume wangu akapewa nafasi ya kutoa salamu kama mwalimu wa marehemu. Alivaa kofia yake yenye bendera ya taifa. Alikuwa amefika kwenye “tumepoteza nyota” pale Evodia alipoinuka kutoka upande wa wanawake wanaopika.

Evodia ni Mhehe, anauza nafaka soko la Majengo, na Wahehe ni watani wa Wagogo. Kwa asiyejua, utani si dhihaka za vijiweni. Msibani mtani ana kazi yake. Anapika, anasaidia kuchimba kaburi, na anakutukana mpaka ucheke mbele ya maiti wako, maana usipocheka utapasuka. Hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji, na wazee wanakutoza faini. Baba mkwe wangu alipofariki, Evodia aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo kwa sababu mzee alimwahidi ndoa. Mazengo alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akakaa chini, na jioni ile akala. Mimi Evodia aliniita mke mwenzangu tangu siku tuliyojuana, na nilipenda aniite hivyo.

Basi pale Bahi akamvua mume wangu kofia, akajivika, akaanza kuchechemea mbele ya jeneza akimwiga.

“Msimsikilize huyu,” akasema. “Wagogo wenzake wanajua kuomba tu, huyu kajifunza na kuchanja. Mtoto kamchoma kama ng’ombe wa mnadani. Sindano ya kwanza, kimbia. Ya pili, shinda. Ya tatu, jamani ubwabwa umeiva, karibuni mle.”

Watu wakacheka. Baba yake Ruthu mwenyewe alicheka huku anafuta macho kwa kiganja. Mume wangu naye alicheka, akatoa noti mfukoni kuikomboa kofia yake kama inavyotakiwa, na mambo yakaisha. Mimi sikucheka. Nilitazama mikono yangu, nikaificha ndani ya kanga.

Evodia hakujua chochote. Hili nataka lieleweke. Alitafuta neno baya kuliko yote ambalo mtu anaweza kumwambia mwalimu wa mbio, kama mtani anavyotafuta, likatokea kuwa la kweli.

Kulikuwa na mtu amerekodi. Kufikia Ijumaa televisheni moja ya mtandaoni ilikuwa imeirusha, na maandishi mekundu chini yakisema nyota wa zamani atuhumiwa msibani. Kicheko cha watu walikiondoa. Video iliishia kwenye “karibuni mle”, ukabaki uso wa mume wangu umeganda, meno nje. Mtu wa Mwanza au wa Zanzibar angejuaje kwamba ule ulikuwa utani? Wakubwa wa riadha wakaandika barua kutaka maelezo. Wadhamini wa kambi wakaacha kupokea simu.

Evodia alikuja Chamwino kwa bodaboda siku iliyofuata, jogoo kwapani. Hakungoja hata kukaribishwa kiti.

“Mbukwenyi,” alisalimu kwa Kigogo chake kibovu. “Mtani, nimesikia nimekuletea balaa. Shika jogoo, tumalize. Huyo mwenye simu aje hapa, nitasema mbele yake nilikuwa natania. Na wazee waje waseme. Kesho asubuhi ukitaka.”

“Ukisema ulikuwa unatania,” mume wangu alimjibu, “watasema nimekuhonga.”

“Sasa unataka niseme nini?”

“Wewe usiseme. Atasema hakimu.”

Evodia alicheka, akidhani ni zamu yake kutaniwa. Alipoona uso wa mwenzake haubadiliki, akanigeukia mimi. “Mke mwenzangu, huyu mume wetu anaumwa?”

Hapo ndipo mahali pangu palipokuwa. Kama ningefungua mdomo pale uani, jogoo angechinjwa na mambo yangekwisha. Nilisema chai itapoa. Evodia akamwacha jogoo amefungwa kwenye mguu wa benchi, akaondoka.

Usiku nilimwambia, “Baba Geofrey, achana nayo. Sisi wenyewe tunajua.”

“Tunajua nini?”

Aliniangalia kwa mshangao, na ule mshangao haukuwa wa kuigiza. Alikuwa ameshajisadikisha. “Nimekimbia kilomita arobaini na mbili na kidonda mguuni,” akasema. “Sitachafuliwa jina na muuza karanga.” Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu mtu anayejua anadanganya unaweza kumbembeleza, lakini huyu nilikuwa sina pa kumshikia.

Wakili wetu aliitwa Elisante, kijana wa Kilimanjaro, suti imemkaa vizuri, adabu tele. Alifungua kesi mbili za kashfa, moja dhidi ya Evodia na nyingine dhidi ya ile televisheni. Baadaye aliongeza ya tatu, dhidi ya Halfani, mkimbiaji wa enzi za mume wangu aliyesema redioni kwamba na yeye enzi zake aliwahi kuona vichupa. Ile televisheni iliomba radhi kwa mstari mmoja usioonekana. Kesi ya Halfani mpaka leo inaahirishwa. Iliyosikilizwa mpaka mwisho ni ya Evodia, kwa kuwa yeye hakuwa na wakili wa kuomba iahirishwe.

Alisimama mwenyewe kizimbani na kitenge chake cha sokoni, akasema ulikuwa utani. Akaleta wazee wawili wa Kigogo, watu wa kijiji kimoja na mume wangu, nao wakasema hivyohivyo. Elisante aliwauliza swali moja tu.

“Wazee wangu, shikamooni. Mtani akisema msibani, anasema uongo mtupu? Hawezi kusema jambo la kweli?”

Wazee wakatazamana. Wangeweza kudanganya wakamwokoa. Lakini walikuwa wameapa kwa Biblia, na ni watu wa kanisani.

“Anaweza,” mkubwa wao akajibu. “Mtani anasema lolote, na la kweli pia. Ndiyo raha yake.”

Elisante akamshukuru. Basi, akamwambia hakimu, aliyesikia yale maneno hakuwa na sababu ya kuyaona mzaha. Yalikuwa tuhuma kamili, na mwenye kutuhumu athibitishe. Mume wangu alikaa wima mbele yangu, shati limepigwa pasi na mimi. Alikuwa amelipa mtu aithibitishie dunia kwamba yale maneno hayakuwa utani. Nilitaka kumvuta shati nimwulize kama anasikia anachokisema wakili wake.

Kisha nikaitwa mimi.

“Bi Loisi,” Elisante alisema, “wewe ni muuguzi kitaaluma na ulihudumia kambi tangu ilipoanza. Uliwahi kumchoma marehemu sindano?”

“Nilimchoma.”

“Ya nini?”

Mama yake Ruthu alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alikuwa amesafiri kutoka Bahi tangu alfajiri, na kwenye mapaja alishika pochi kwa mikono miwili. Hakuwa upande wa mtu yeyote. Alikuja kusikia jibu la swali hilohilo.

“Vitamini,” nikasema.

Hakimu akamwambia Evodia ana haki ya kunihoji. Evodia akainuka taratibu. Aliniangalia sana, na nadhani ni pale alipotambua. Miezi yote ile alidhani amesingizia mtu kwa utani. Pale aliona usoni kwangu kwamba hakusingizia.

“Mke mwenzangu,” akaanza, sauti chini kabisa, “umesema vitamini?”

“Mdaiwa,” hakimu akamkatiza, “hapa si sokoni. Shahidi aitwe kwa heshima yake.”

 Evodia akashika ukingo wa kizimba.

“Samahani, mheshimiwa. Samahani, shahidi. Sina swali.”

Hukumu ilisomwa mwezi wa nne mwaka uliofuata. Tuhuma hazikuthibitishwa, mila si kinga, mdaiwa alipe fidia na aombe radhi hadharani. Fidia ilikula mzigo wake wote wa alizeti na kibanda chenyewe cha Majengo, siendelei na hilo. Radhi aliisoma mbele ya kamera ileile ya mtandaoni, kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa na Elisante, akifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili. Aliposema “mheshimiwa Yotham Mazengo” alikwama kwenye “mheshimiwa”, akarudia.

Mume wangu alitegemea ile video imsafishe. Ilitazamwa mara nyingi kuliko ya kwanza, na kila aliyeitazama aliona mama wa sokoni aliyetishwa. Ile ya kwanza nayo ikafufuka. Waliokuwa hawajawahi kusikia habari za Bahi sasa waliuliza huyu mzee anaficha nini mpaka amfilisi muuza nafaka kwa maneno ya msibani. Wazazi wakaanza kuja kuchukua mabinti zao. Hawakugombana na mtu. Walisalimu, wakafunga magodoro juu ya bodaboda, wakaenda. Alibaki msichana mmoja ambaye kwao ni mbali sana, naye akafuatwa na mjomba wake Jumapili. Mwezi wa sita shule ikapaka ule ukuta chokaa. Jina lilionekana bado chini ya chokaa, wakapaka mara ya pili.

Mume wangu alizoea kukaa barazani na mafaili ya kesi, akinisomea hukumu. “Hazikuthibitishwa,” ananisomea. “Umesikia? Hazikuthibitishwa.” Zabibu zikakauka kwenye waya na hakuna aliyezikata. Siku moja niliziondoa medali kabatini nizifute vumbi, nikajikuta nazitazama kwa namna ambayo sijawahi. Yule wakala wa gari jeupe alifahamiana na mume wangu tangu enzi za mbio zake. Sikumwuliza. Nilizirudisha na vumbi lake.

Mama mkwe alifariki mwezi wa nane, upepo ule wa vumbi umeanza. Alikuwa ameshiba umri, akaondoka usingizini. Kwa Wagogo msiba wa bibi kama yule ni msiba wa watani hasa. Wanakuja na vichekesho walivyovitunza miaka, wanavaa magauni ya marehemu, wanaigiza mwendo wake. Tulipeleka taarifa Majengo, tukapeleka Iringa, tukapeleka kwa kila mtani tuliyemjua. Wote walijibu kwa heshima kwamba taarifa imefika.

Hawakuja. Na kwa nini waje? Mtani anayeweza kufikishwa mahakamani hana kazi tena. Kaburi tulilipia vibarua walichimbe, vijana wasiomjua marehemu, waliofanya kazi huku wanasikiliza mpira kwenye simu. Geofrey, mwanangu, alipika uji pamoja na majirani wachache. Tulikaa chini ya turubai tumenyamaza kama watu wanaosubiri majina yao yaitwe ofisini. Mume wangu hakula siku ya kwanza. Hakula siku ya pili.

Siku ya maziko, mchungaji akiwa anafungua kitabu cha nyimbo, Evodia akatokea. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amekonda. Niliona mgongo wa mume wangu ukinyooka. Wazee nao waliinua vichwa. Nilijua kila mmoja pale anaomba jambo moja, aruke akalale kaburini, amwite marehemu mchawi, amvue Mazengo kofia, afanye chochote.

Evodia akavua viatu mwanzo wa mkeka. Akapiga goti mbele ya mume wangu kama mgeni.

“Shikamoo, mheshimiwa. Pole kwa msiba.”

“Evodia,” mume wangu akasema.

“Mungu awape nguvu.”

“Evodia, mtani.” Akainama kumfikia. “Nitukane. Neno moja tu. Mama amelala pale, sijala siku mbili. Nitukane nile.”

“Mimi nakuheshimu, mheshimiwa,” Evodia akamjibu. Hakukuwa na kebehi ndani yake, ningeshukuru ingekuwepo. “Nilisoma mbele ya watu kwamba nakuheshimu. Siwezi kuyarudisha.”

Akanisogelea mimi, akanipa mkono kwa mikono miwili. “Pole sana, mama,” akasema. Akaenda kukaa nyuma kabisa, na watu wasio ndugu.

Mama. Kwa miaka ishirini aliniita mke mwenzangu, na sasa mimi ni mama, kama mteja wa siku moja.  Sikupanga. Nilisimama mbele ya jeneza la mama mkwe wangu, nikaitoa mikono yangu kwenye kanga, nikayasema mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuyasema.

“Tulimchanja,” nikasema. “Yule mtoto wa Bahi. Tulimchoma kama ng’ombe wa mnadani. Mimi ndiye niliyechoma, na mahakamani nilidanganya. Haikuwa vitamini.”

Bahi maneno hayo yaliwachekesha watu mia mbili. Niliwatazama wa kwetu mmoja mmoja nikitafuta hata mmoja anayetaka kucheka. Mchungaji alikuwa ameshika ukurasa. Geofrey alikuwa na sufuria mkononi, ananiangalia. Mume wangu hakunigeukia. Alisema polepole, akitazama jeneza, “Mama Geofrey, kaa chini.”

Nyuma kule Evodia aliinuka. Nilidhani anakuja kwangu. Aliokota viatu vyake mwanzo wa mkeka, akaenda zake bila kutuaga.